Kisigino

Moteri hii ilisaga mahindi Kibumba
kabla haijaletwa kwangu Birere ndani ya gunia,
imefungwa kamba kama mbuzi wa mahari.
Haijui kungoja. Umeme ukifika inaanza kunguruma,
na inanguruma hata nikinywa chai,
hata nikipima kiuno cha mteja,
hata nikipapasa sakafuni kutafuta pini.

Tsongo, kaka yangu, aliitazama siku mbili.
Ya tatu akachonga duara la mkaratusi,
akalivisha ngozi ya kiatu cha marehemu baba,
ule upande usiotoboka,
akalitundika kwenye mkono wa chuma
mbele ya gurudumu linalozunguka bure.
"Kanyaga kwa vidole."
Nikakanyaga. Ngozi ikagusa chuma
kama shavu kwa shavu wakati wa salamu,
na cherehani ikaamka.
Ukibonyeza kidogo, inatembea. Ukizidisha, inakimbia.
Kitambaa cha sare kikapita chini ya sindano
kama wachuuzi wa Petite Barrière
geti linapofunguliwa alfajiri.

Lakini hatukuwa tumewaza kusimama.
Niliinua mguu, na mashini, iliyokwisha kuonja mbio,
ikaendelea peke yake mishono kumi na mmoja.
Wa kumi na mmoja ulipita kwenye ukucha wangu.
Sare ya mtoto wa Kyakimwa ina alama hadi leo,
ndani ya mfuko. Nilimpunguzia bei.

Tsongo hakusema pole.
Alitoka nje, kwenye ukuta wa mawe ya volkano
ambako chukudu yake huegemea,
akachomoa kile kipande cha tairi
kinachokaa juu ya gurudumu la nyuma.
Asiyeshuka toka Kibumba na magunia manne ya viazi
ataona ni takataka.
Ndipo mguu hukanyaga, mteremko wote,
hadi mpira unuke,
hadi udhani mlima wenyewe umesahauliwa jikoni.
Akakipigilia nyuma ya duara, misumari mitatu.
"Sasa kanyaga kwa kisigino."

Kisigino! Miaka kumi na minne ya kushona
sikujua kwamba nacho kina kazi.
Vidole vinasema twende, kisigino kinasema basi,
ngozi inaachana na chuma, inarudi kwenye mpira,
na sindano inabaki juu,
pale pale nilipoiwaza.
Nilishona kola saba mfululizo
kwa raha tu ya kuzisimamisha.

Jumapili moja usiku akaja, kofia mkononi.
"Masika, niazime breki. Kesho tu."
Mezani kulikuwa na sketi thelathini na nne za bluu;
shule zilikuwa zinafunguliwa Alhamisi.
Nikamtazama miguu. Kucha mbili hazipo tena,
na soli ya kushoto imelika kuliko ya kulia.
Siku ishirini na tatu hakushuka na mzigo,
na mimi, nikifurahia kola zangu,
sikuwahi kuuliza anakula nini.

Nikachukua mkasi mkubwa, ule wa kukatia jinzi,
nikaukata mpira katikati.
Haukukatika sawa.
Yeye alipata kipande kinene.

Jumatatu nilishona kama mtu anayevuka mto kwa mawe:
mishono minne, natulia; mitano, natulia.
Nusu ya breki haisamehi mguu wenye haraka.
Yeye alirudi saa moja usiku
na magunia mawili badala ya manne,
akaketi juu ya moja, akinuka mpira ulioungua.
Sketi zilikuwa kumi na tisa.
Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

Kisha umeme ukakatika.
Gurudumu likaendelea gizani kwa mazoea,
likivuma chini, chini zaidi,
na nikasikia soli yake na yangu
zikibonyeza sakafu
kwa kisigino,
kwa pamoja.